Laki tano za Sheffield: viwango vya snuka vinapima nini hasa?

Usiku wa Jumatatu, Mei 5, 2025, ndani ya ukumbi wa Crucible mjini Sheffield, Zhao Xintong wa China alimfunga Mark Williams wa Wales fremu 18 kwa 12 akawa bingwa wa dunia wa snuka. Waandishi wa michezo waliandika yaliyostahili kuandikwa: Mchina wa kwanza kutwaa taji hilo, mchezaji wa ridhaa wa kwanza kulitwaa, na mpinzani wake, mtu mzima wa miaka 50, ndiye mwenye umri mkubwa kuliko wote waliowahi kucheza fainali Crucible. Yote kweli. Mimi kilichonikaa kichwani ni jambo la kihasibu zaidi. Zhao aliingia kwenye mashindano yale akiwa hana hata pointi moja ya viwango vya dunia. Alipotoka, hesabu ilimweka namba 11.

Namba 11! Bingwa wa dunia, aliyetoka kumchapa gwiji Ronnie O'Sullivan 17-7 kwenye nusu fainali, na bado kuna watu kumi juu yake. Mmoja wa hao kumi, Kyren Wilson, aliyekuwa bingwa mtetezi, alitolewa raundi ya kwanza na Lei Peifan kwa 10-9. Ukiigeuza hesabu upande wa pili nayo inashangaza vilevile: mtu asiyekuwamo kabisa kwenye orodha amewapita zaidi ya wachezaji mia moja wa kulipwa, wengi wao wakiwa wamezunguka nchi kwa nchi miaka miwili mizima wakisaka pointi.

Maelezo mafupi kwa wasomaji ambao snuka wanaionea mbali, kwa sababu huku kwetu meza iliyozoeleka ni ile ndogo ya pool inayoingia kwenye kona ya baa. Meza ya snuka ina urefu wa karibu mita tatu na nusu na matundu yake ni mabahili. Kuna mipira 15 myekundu yenye pointi moja moja, na sita ya rangi nyingine yenye pointi 2 hadi 7. Unaingiza mwekundu, kisha wa rangi, kisha mwekundu tena, hivyo hivyo hadi ukose. Ukisafisha meza yote kwa kuchukua mweusi baada ya kila mwekundu unapata 147. Mchezo mmoja ni fremu, na mechi ni kuwania fremu nyingi. Fainali ya dunia ni ya anayefika 18 kwanza, inachezwa siku mbili katika vipindi vinne. Anayetafuta burudani ya dakika tisini hatapata hapa.

Sasa turudi kwenye viwango. Tangu msimu wa 2014/15, orodha ya dunia ya snuka haina tena mfumo wake wa pointi. Inahesabu pesa. Kila pauni unayoshinda kwenye mashindano yanayohesabika ni pointi moja, na inakaa kwenye jina lako miaka miwili kisha inafutwa. Basi. Ukitaka kujua nani wa kwanza duniani, jumlisha hundi.

Urahisi huo ndio sifa yake kubwa, na wanaoutetea mfumo wana hoja. Mtazamaji yeyote anaelewa. Mdhamini akiongeza fedha, mashindano yake yanapanda hadhi papo hapo bila kamati kukaa vikao kujadili mgawo wa pointi. Mchezaji naye anajua kila mpira una bei. Kabla ya hapo kulikuwa na majedwali ya pointi ambayo hata wachezaji wenyewe walikuwa wakiyakunia vichwa.

Shida inaanza ukiangalia zile hundi zenyewe. Mwaka 2025 ubingwa wa dunia ulikuwa na jumla ya pauni 2,395,000. Bingwa alichukua 500,000. Aliyeshindwa fainali, 200,000. Waliotoka nusu fainali, 100,000 kila mmoja. Robo fainali, 50,000. Raundi ya pili, 30,000. Raundi ya kwanza, 20,000. Huko chini kwenye mchujo, aliyefungwa mechi ya mwisho kabla ya kuingia Crucible alipata 15,000, wa kabla yake 10,000, wa kabla yake 5,000, na wale 32 waliofungwa mechi ya kwanza ya mchujo waliondoka mikono mitupu.

Weka kando kwamba laki tano za pauni ni zaidi ya shilingi bilioni moja na nusu za Tanzania. Angalia pengo kati ya wa kwanza na wa pili. Ni laki tatu. Bingwa wa mashindano kama German Masters ya Berlin au Welsh Open anapata laki moja. Maana yake, fainali moja ya Sheffield ina uzito sawa na mataji matatu kamili, na kila taji mchezaji hulipata kwa wiki nzima ya kufunga watu. Hebu fikiria ligi yetu ya soka ambamo mechi ya mwisho ya msimu inatoa pointi 30. Kuna mtu angeendelea kuliita jedwali hilo msimamo wa ligi?

Tenisi ni mfano ninaoupenda kwa sababu nako wachezaji wanazunguka dunia mmoja mmoja, kila mtu na mzigo wake. Kwa wanaume, bingwa wa Wimbledon anapata pointi 2,000, na anayefungwa fainali anapata 1,300, yaani asilimia 65. Kwenye snuka anayefungwa fainali ya dunia anapata asilimia 40. Na tenisi walitenganisha mambo mawili haya zamani: hundi ni hundi, pointi ni pointi. Waandaaji wa mashindano wanaweza kuongeza fedha watakavyo, lakini hawawezi kununua nafasi ya kwanza duniani.

Snuka inaweza kununuliwa, na imeshaonekana. Mwaka 2024 Saudi Arabia ilianzisha mashindano yake, bingwa akipewa pauni 500,000, sawasawa na Sheffield. Judd Trump alishinda ya kwanza kwa kumfunga huyuhuyu Williams 10-9. Mwaka uliofuata Neil Robertson alimfunga O'Sullivan, pia 10-9, baada ya O'Sullivan kupiga 147 mara mbili ndani ya mechi moja ya nusu fainali. Mashindano mazuri, fainali mbili za kusisimua, sina ugomvi nayo. Lakini kwenye daftari la viwango, taji lisilo na historia hata ya miaka mitatu lilikuwa na thamani ileile na taji linalochezwa Crucible tangu 1977, linalodai fremu 18 kwenye fainali badala ya kumi. Fainali zote mbili za Saudi Arabia ziliamuliwa na fremu ya mwisho. Fremu moja ndiyo iliyoamua nani apate hesabu ya bingwa na nani abaki na ya msindikizaji.

Kisha kuna kituko cha Masters. Ni moja ya mataji matatu makubwa ya mchezo huu, yanachezwa London, yanakutanisha 16 bora tu. Januari 2025 Shaun Murphy alimfunga Kyren Wilson 10-7 na kupewa pauni 350,000. Pointi alizopata: sifuri. Kwa kuwa ni mashindano ya mwaliko, hayahesabiki. Nakubali mantiki yake, maana si haki pointi zigawanywe pale ambapo watu 16 pekee wanaruhusiwa kuingia. Ila ukishakubali kwamba pauni 350,000 zinaweza kuwa na uzito wa sifuri, umeshakubali kwamba pesa na ubora ni vitu viwili. Kwa nini basi ukubali hapo tu?

Anayejua vizuri zaidi machungu ya mfumo huu pengine ni Luca Brecel wa Ubelgiji. Kabla ya 2023 alikuwa hajawahi kushinda hata mechi moja Crucible. Mwaka ule alishinda zote. Nusu fainali alikuwa nyuma 14-5 mbele ya Si Jiahui, kijana wa Kichina aliyekuwa akicheza kama mtu aliyesahau kuwa kuna presha, akarudi kwa kushinda fremu 11 mfululizo, mwishowe 17-15. Fainali akamfunga Mark Selby 18-15. Akapanda hadi namba mbili duniani.

Baada ya hapo kiwango chake kikashuka, tena sana. Misimu miwili bila taji lolote la viwango, mechi nyingi za kutoka mapema. Lakini orodha ilizidi kumwonyesha juu, kwa sababu laki tano za Sheffield zilikuwa bado zinamshikilia. Alipofika Mei 2025 miaka miwili ikatimia, laki tano zikafutwa, na mtu huyo akatupwa nje ya 16 bora, ingawa wiki hiyohiyo alikuwa amefika robo fainali ya dunia na kucheza vizuri kuliko alivyocheza kwa muda mrefu. Orodha ilimpa sifa alipokuwa akicheza vibaya, ikamwadhibu alipoanza kucheza vizuri. Kipimajoto cha namna hiyo hospitalini kingetupwa jalalani.

Nafasi ya 16 si mapambo. Ndiyo inayoamua nani aende moja kwa moja Crucible na nani apitie mchujo, nani aalikwe Masters na nani aangalie kwenye televisheni. Kosa dogo kwenye hesabu linageuka kuwa jambo kubwa kwenye maisha ya mtu.

Na hapa ndipo safari ya Zhao inaponifanya niwe na moyo wa pande mbili, kwa sababu inaonyesha ubovu wa viwango na wakati huohuo inaonyesha kitu kimoja ambacho snuka imekifanya vizuri kuliko michezo mingi. Mlango uko wazi. Watu 144 walianza ubingwa ule wa dunia. Zhao, kwa kuwa hakuwa na kadi ya mchezaji wa kulipwa, alianzia chini kabisa: mechi nne za mchujo, kila moja ya kufika fremu 10, katika vibanda vya mchujo visivyo na shamrashamra yoyote. Hakuna aliyemwuliza umaarufu wake. Katika mechi ya mwisho ya mchujo Elliot Slessor alimbana hadi 10-8. Fremu chache zingeangukia upande wa pili, hadithi nzima hii isingekuwepo. Baada ya hapo akawafunga Jak Jones 10-4, Lei Peifan 13-10, Chris Wakelin 13-5, O'Sullivan 17-7 na Williams 18-12. Jumlisha utaona ameshinda fremu 111 katika mechi tisa. Tangu mashindano yahamie Crucible, waliotoka mchujo na kuwa mabingwa walikuwa wawili tu kabla yake, Terry Griffiths mwaka 1979 na Shaun Murphy mwaka 2005.

Nusu fainali ile inastahili kutazamwa kwa karibu. Baada ya kipindi cha kwanza walikuwa 4-4. O'Sullivan alikuwa na ugomvi na fimbo yake. Miezi michache nyuma alikuwa ameivunja kwa hasira akajitoa kwenye mashindano kadhaa, na hii mpya hawakuelewana. Kati ya vipindi akabadilisha ncha na ile pete ndogo ya shaba inayoishika ncha kwenye mdomo wa fimbo. Alirudi mezani akapoteza fremu zote nane za kipindi cha pili. Nane kwa sifuri, bingwa mara saba wa dunia! Mipira ambayo yeye huingiza akiwa anawaza mambo mengine ilikuwa inagonga kingo za tundu na kutoka. Ni rahisi kusema Zhao alibebwa na masaibu ya mwenzake, na kuna waliosema. Sikubaliani. Aliyeketi kwenye kiti hawezi kufunga fremu nane. Lazima kuna mtu aliyesimama mezani akifanya kazi. Kila O'Sullivan alipokosa, Zhao aliingia na kumaliza fremu kwa zamu moja mezani, bila kumpa nafasi ya kurudi. Hicho ndicho kipaji chake: kasi bila papara, na mipira ya mbali anayoipiga kana kwamba tundu limeongezwa upana.

Fainali nayo ilimalizika mapema kuliko matokeo yanavyoonyesha. Kipindi cha kwanza tu Zhao alikuwa mbele 7-1. Usiku wa kwanza ulifungwa 11-6, maana yake Williams alijitutumua akashinda kipindi cha pili. Siku ya pili mchana Zhao akafika 17-8, fremu moja tu kwenye kombe. Usiku Williams akashinda nne mfululizo, ukumbi ukaanza kunong'ona, kisha ikaisha. Mtu aliyeanza kulipwa mwaka 1992, bingwa wa 2000, 2003 na 2018, anayesema wazi kwamba macho yake hayaoni tena mipira kama zamani, alimsumbua kijana wa miaka 28 hadi dakika za mwisho. Baada ya mechi hakuwa na kinyongo. Alisema mchezo umepata nyota mpya. Oktoba mwaka huohuo akaenda Xi'an, mji aliozaliwa Zhao, akashinda Xi'an Grand Prix kwa kumfunga Murphy 10-3 na kuwa mtu mwenye umri mkubwa kuliko wote waliowahi kushinda taji la viwango. Sijui wazee wa Wales wanakula nini.

Lakini kuna swali ambalo wapenzi wa Zhao hawapendi liulizwe, nalo ni kwa nini yeye, bingwa wa UK Championship wa 2021, alikuwa mchezaji wa ridhaa mwaka 2025. Jibu ni kwamba alikuwa ametoka kwenye adhabu ya kufungiwa kucheza. Mwaka 2023 wachezaji kumi wa Kichina waliadhibiwa kwa kashfa ya kupanga matokeo. Liang Wenbo na Li Hang walifungiwa maisha. Zhao alifungiwa miezi 20. Hakupatikana na hatia ya kuuza mechi zake mwenyewe. Alikiri kuhusika katika mpango wa mwenzake aliyepanga matokeo ya mechi mbili, na kucheza kamari kwenye snuka. Adhabu iliisha Septemba 2024, akaanza tena kwenye Q Tour, daraja la chini, akawafagia huko hadi akapata kadi ya msimu uliofuata.

Wapo waliotaka asiruhusiwe kamwe. Mimi naona aliadhibiwa, akaitumikia adhabu, akaanza upya kutoka sifuri kihalisi kabisa, pointi na kila kitu. Hilo linatosha. Ninachotaka kuuliza ni kitu kingine: mfumo unaotoa laki tano kwa mmoja na sifuri kwa 32 unajenga mazingira gani kwa vijana walioko chini? Wachina wengi kwenye kundi lile walikuwa vijana waliohamia Uingereza wakiwa wadogo, wakiishi mbali na familia, wakijilipia makazi, nauli na ada za mazoezi. Hiyo haihalalishi kuuza mechi, na wapo mamia waliopitia shida hizohizo bila kuuza kitu. Ila anayekuja na bahasha hatafuti watu wa juu ya orodha. Anatafuta yule wa namba 90 ambaye mwezi huu hajashinda mechi. Wasimamizi wa mchezo angalau wameliona: sasa kila mchezaji wa kulipwa anahakikishiwa pauni 20,000 kwa msimu. Ukitoa gharama za Uingereza pamoja na tiketi za kwenda China mara kadhaa kwa mwaka, haibaki nyingi, lakini ni afadhali kuliko ilivyokuwa.

Marekebisho ya viwango vyenyewe hayahitaji mapinduzi. Hundi ya bingwa wa dunia ibaki laki tano, hata iongezwe, kwa sababu watu wanastahili kulipwa. Pointi ndizo zitenganishwe na hundi. Bingwa wa dunia apate, tuseme, mara mbili na nusu ya bingwa wa mashindano ya kawaida badala ya mara tano. Wa pili apate theluthi mbili za wa kwanza. Na pointi zisifutwe zote kwa mkupuo baada ya miaka miwili. Mwaka wa pili zihesabiwe nusu, ili mtu ashuke ngazi kwa ngazi badala ya kudondoka kutoka juu ya paa. Kwa hesabu ya aina hiyo Brecel asingekaa juu muda wote ule, na asingeanguka kwa kishindo kile.

Nategemea kusikia kwamba hilo lingemnyima Zhao nafasi ya 11. Ni kweli. Kwa laki mbili na nusu angeanzia mbali zaidi chini, nje ya 16. Ila bingwa wa dunia tayari ana nafasi yake Crucible na kwenye mashindano mengi makubwa kwa jina la ubingwa, kwa hiyo hana hasara ya maana. Na kipaji kama chake hakihitaji kukopeshwa nafasi. Msimu mmoja ungetosha kumpandisha kwa kushinda mechi za kila wiki, ambazo ndizo orodha inapaswa kuzipima.

Kwa mfumo uliopo, laki tano za Zhao zitabaki kwenye jina lake hadi ubingwa wa dunia wa 2027 utakapomalizika. Siku hiyo zitaondolewa zote kwa pamoja, hata kama atakuwa ameingia fainali.